Filimbi ya Nyanjige

Redio ya Mashimba haikuwa na mfuniko wa betri. Aliifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akaitundika kwenye msumari wa kibanda chake cha ufundi, pale ambapo njia ya majaruba inatokea kwenye barabara ya Nkololo. Wanawake wa chama cha kusaidiana kupanda mpunga walipokuwa wakirudi na tope mpaka magotini, walipenda kupumzika hapo. Hawakuijia redio. Walifuata kivuli, na walimfuata Mashimba mwenyewe, kwa sababu hapakuwa na jambo la dunia hii aliloshindwa kulieleza huku anaziba pancha.

Siku hiyo redio ilikuwa inazungumza habari za Uingereza. Waziri Mkuu wa huko alikuwa matatani, na waliomtia matatani si wapinzani. Ni watu wa chama chake.

"Wamemchoka?" aliuliza Felisita, ambaye alikuwa katibu wa chama cha wanawake.

"Wamemchoka," alisema Mashimba. "Ila wazungu hawamwambii mtu toka. Wanajiuzulu wao."

"Wao, ambao hawajachokwa?"

"Ndiyo ujanja wenyewe! Kuna mwaka mawaziri walijiuzulu mmoja baada ya mwingine, huyu kabla ya chai, huyu baada ya chai, mpaka mkubwa wao akabaki anaongea na viti. Aibu ikamshika, akaondoka kwa miguu yake."

"Na aliyemfuata?"

"Huyo ndiyo kabisa. Gazeti moja la huko lilinunua saladi, majani yale ya kula mabichi, likaiweka mezani ipigwe picha. Likasema, tuone kipi kitanyauka kwanza, saladi au Waziri Mkuu."

"Ikawaje?"

Mashimba aliipuliza gundi kwanza. "Saladi ilishinda."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaangusha bakuli lake la matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa. Waliocheka kidogo walikuwa wawili. Wa kwanza ni Scola, mweka hazina, ambaye alikuwa ameacha kutafuna. Alikuwa anaangalia barabarani, alikokuwa anapita mwenyekiti wao, Nyanjige, mwanamke mnene mwenye mwendo wa mtu anayejua kuwa watu watampisha, na filimbi ya chuma inaning'inia kifuani.

Wa pili ni Milembe, aliyekaa nyuma ya wote kama kawaida yake. Milembe alikuwa msichana wa haya. Kwenye mikutano ya chama, alipoulizwa jambo alijibu kwa kutazama vidole vya miguu yake, na watu walizoea kuchukulia kwamba amekubali. Siku hiyo alikuwa na sababu ya kuwa na furaha. Asubuhi, Nyanjige alikuwa ametangaza kwamba jaruba litakalofuata kupandwa ni la kwao Milembe. Milembe alikuwa anaishi na bibi yake, Sayi, ambaye mgongo wake ulishagoma kuinama. Jaruba lao lilikuwa moja tu, kubwa, na maji yalikuwa yamejaa. Miche kwenye kitalu ilikuwa tayari. Ingekaa kidogo zaidi ingekomaa na kuanza kufunga vifundo, na miche ya namna hiyo ukiihamisha haizai, inakutazama tu. Mikono miwili isingeweza kulimaliza jaruba lile. Chama kingelimaliza kwa siku moja, na wao wangekula wali mwaka mzima.

Lakini Scola naye alikuwa na jaruba, na alikuwa amejihesabia kwamba zamu ni yake.

"Nyanjige anabadilisha zamu kama anabadilisha kitenge," Scola alisema walipoinuka. "Jaruba lake lilipandwa la kwanza. Mwaka jana la kwanza. Kwenye chakula, paja la kuku la kwake. Hivi sisi tunamsubiri nini?"

"Tusubiri miche ya Milembe," alisema mwanamke mmoja kwa utani. "Tuone kati ya miche hiyo na Nyanjige, kipi kitanyauka kwanza!"

Wakacheka tena. Milembe alitazama vidole vyake.

* * *

Asubuhi iliyofuata, Nyanjige alipopuliza filimbi, wanawake walikusanyika kwake kama kawaida. Filimbi ile ilikuwa na nguvu ya ajabu. Ikilia, hata aliyekuwa na kijiko mdomoni alisimama. Walikuwa wameizoea tangu mwenyekiti wa kwanza, na miguu yao iliitii kabla vichwa havijauliza ni ya nini.

"Leo tunakwenda kwa Sayi," alisema Nyanjige. "Milembe, ng'wanone, mwanangu, umeng'oa miche?"

Kabla Milembe hajafungua mdomo, Scola alisogea mbele na kamba ya kupandia, ile inayovutwa ili mistari inyooke. Kamba hiyo ilikaa kwa mweka hazina. Akaiweka chini mbele ya Nyanjige.

"Mayu Nyanjige," alisema, "mimi nimejiuzulu."

Akarudi nyuma, akakunja mikono, akasubiri aibu imshike Nyanjige.

Nyanjige aliitazama kamba, akamtazama Scola, akatabasamu taratibu. "Wabeja," alishukuru. "Mbuzi unaleta lini?"

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi wa kuacha chama katikati ya msimu."

Sheria hiyo ilikuwepo. Anayeacha chama wakati majaruba ya wenzake hayajapandwa anachinja mbuzi, anapika, wenzake wanakula, ndipo anaruhusiwa kwenda. Waliiweka kwa ajili ya wajanja, wale ambao jaruba lao likishapandwa wanapata mgonjwa wa kuuguza mbali, huko Lalago.

"Sijaacha chama!" Scola alipiga kelele. "Nimeacha cheo. Cheo na chama ni vitu viwili. Wazungu wanaacha cheo na wanabaki bungeni!"

"Wazungu wana sheria zao. Hapa aliyeweka kamba chini ameweka chini kila kitu. Lakini mimi si dikteta," Nyanjige alisema, na akawageukia wanachama. "Tupige kura. Anayeona Scola achinje mbuzi, tule, anyooshe mkono."

Hapo ndipo mpango wa Uingereza ulipopata ajali. Mikono yote ilipanda juu. Hata Felisita, aliyekuwa amekula kiapo na Scola jana yake kwamba watajiuzulu pamoja, alijikuta mkono umepanda. Baadaye alijitetea kwamba alikuwa anajikuna.

Siku hiyo hawakupanda mpunga. Siku ya nyama ni siku ya nyama, hakuna anayekula supu akaenda kuinama kwenye maji. Milembe alimpelekea bibi yake kipande kwenye bakuli. Sayi alikitafuna upande wenye meno, akamaliza, akajipangusa.

"Nyama nzuri," alisema. "Na mpunga?"

"Kesho, bibi."

Lakini kesho yake ilikuwa zamu ya Felisita kujiuzulu. Scola alikuwa amekwenda kwake jioni, akamwambia kwamba kama mbuzi wake ameliwa peke yake, atatangaza kisimani nani alianzisha maneno ya paja la kuku. Felisita akajiuzulu asubuhi akiwa analia. Nyanjige akasema wabeja. Kura zikapigwa, mikono ikapanda, na safari hii wa Scola ulipanda kabla ya wote.

Mbuzi wa Felisita alikuwa amenona kuliko wa Scola, na jambo hilo lilizungumzwa.

* * *

Hapo mambo yalichukua njia ambayo hata Mashimba hakuwa ameisikia redioni. Wanachama walikuwa wamenogewa. Walimtazama anayepika: yeye hajiuzulu? Walimtazama mwenye ufunguo wa stoo ya majembe. Mwanamke mmoja aliyekuwa hana cheo chochote aliombwa kwa upole akubali kuwa makamu mwenyekiti, na alipouliza kwa nini, hakuna aliyemjibu akimtazama usoni.

Kisha mtu akakumbuka sheria ya mwenyekiti.

Mwenyekiti aliyetangulia alikuwa ameolewa upande wa Kimali, akawaacha katikati ya msimu, akawachinjia mbuzi. Ni Nyanjige huyohuyo, siku hiyo akiwa anakula mbuzi huyo, aliyesema kwamba mbuzi ni mdogo kwa cheo kikubwa. Kuanzia leo, alisema, mwenyekiti atakayeacha chama mwenyewe atoe ng'ombe. Walimpigia makofi, na papo hapo wakamchagua.

Na Nyanjige alikuwa na ng'ombe. Alikuwa na dume jeusi lenye doa jeupe begani, lililotulia kwenye plau kama mtu mwenye akili. Kijiji kizima kililijua dume hilo kwa sura.

Kesho yake filimbi ilipolia, wanawake walifika wakiwa wamechangamka kuliko siku zote. Wengine walikuja na masufuria.

"Mwangaluka, mayu," walimsalimia, na walipiga magoti vizuri sana.

"Mwangaluka. Masufuria ya nini?"

"Mayu Nyanjige," alianza Scola kwa sauti ya asali, maana kwa kuwa alishalipa mbuzi na hakuna aliyejua kama yumo au hayumo, alikuwa ameendelea kuja tu. "Umetutumikia sana. Umechoka. Tunaona hata miguu imevimba. Tukasema, mama wa watu, kwa nini asipumzike?"

"Sijachoka."

"Umechoka, mayu," alisema Felisita.

"Ukipumzika, sisi hatutakusahau," alisema mwingine, na macho yake yalikuwa kwenye zizi.

Nyanjige alifuata macho hayo mpaka yalipoishia. Akaelewa. Uso wake ukabadilika rangi, halafu ukarudi taratibu, na alipozungumza tena alikuwa mpole kuliko wao.

"Wanangu," alisema, "nimekosea mengi. Nilikula mapaja. Nilibadilisha zamu. Mnayo haki ya kunifukuza. Nifukuzeni!"

Masufuria yakashushwa. Maana sheria ilisema mwenyekiti anayeacha mwenyewe. Aliyefukuzwa hatoi hata kuku.

"Hatuwezi kukufukuza," alisema Scola haraka. "Tunakupenda."

"Sistahili kupendwa. Nifukuzeni tu."

"Hapana, mayu. Jiuzulu kwa heshima."

"Nataka kwa aibu!"

Wakabishana hivyo mpaka jua likapanda. Waliokuwa wakimsema kisimani kwa wiki nzima sasa walimsifia mbele yake. Yeye alijishtaki kwa makosa ambayo hata hayakuwa yake, mpaka akafika kwenye kuku wa Felisita aliyepotea wakati wa masika, ambaye wote walijua kaliwa na kicheche. Felisita, kwa uchungu, akamwambia amemsamehe. Mwisho Nyanjige akavua filimbi shingoni, akaiweka juu ya kigoda katikati ya uwanja.

"Mimi siishiki," alisema. "Nikiishika mtasema bado naongoza. Lakini sijaiacha. Nimeiweka. Anayenipindua aichukue."

Hakuna aliyeichukua. Kuichukua ni kumpindua Nyanjige, na kumpindua Nyanjige ni kulirudisha dume malishoni. Scola, ambaye alikuwa ameitamani filimbi hiyo tangu mvua za kwanza, alikaa na kuitazama kwa mbali huku ameikalia mikono yake.

Milembe alikuwa nyuma ya wote, karibu na ua. Alfajiri alikuwa amepita kitaluni. Ncha za miche zilikuwa zimeanza njano. Alikuwa amechuma mmoja, akaupapasa shina kwa kidole gumba, akasikia kitu kigumu kinaanza chini ya ngozi yake, kama kifundo cha kidole cha mtoto. Nyumbani, Sayi alikuwa ameketi mlangoni, amejifunga kitenge magotini, tayari kwenda kuwapelekea wapandaji uji. Alikuwa amejifunga hivyo tangu siku ya mbuzi wa kwanza. Hakuuliza tena habari za mpunga. Alijifunga tu kila asubuhi, akakaa, na jua lilipozama akafungua.

"Tutarudi kesho," Scola alikuwa anasema. "Mayu Nyanjige alale na mawazo yake. Hata Waziri Mkuu alipewa muda wa kufikiri."

"Kesho," wakaitikia, wakaanza kukusanya masufuria.

Milembe alitaka kusema. Maneno aliyapanga vizuri: Mayu, miche yangu imefika, naomba tupande kwanza, halafu mtaendelea. Aliyapanga mara mbili. Alipofungua mdomo, ilitoka hewa tu. Hakuna aliyegeuka.

Akatembea mpaka katikati ya uwanja, huku anatazama vidole vyake, akaichukua filimbi juu ya kigoda, na ile hewa aliyokuwa nayo mdomoni akaimalizia humo.

Filimbi ilipiga kelele kama kuku aliyekanyagwa. Milembe mwenyewe alishtuka. Lakini wanawake walikuwa wameshasimama. Vitenge vilikazwa viunoni, masufuria yakawekwa chini, mtu akaokota kamba, na mstari ukajipanga wenyewe kama ulivyojipanga kila asubuhi ya msimu. Milembe alipoona mstari umesimama nyuma yake, aliogopa kugeuka. Njia pekee ya kutogeuka ilikuwa kwenda mbele. Akaenda mbele, akiipuliza kila miguu iliposita nyuma yake, kwa sababu angeacha kuipuliza angetakiwa kuongea.

Walipopita mbele ya mlango, Sayi alisimama na ndoo yake ya uji, akajiunga kwenye mkia wa mstari bila kuuliza lolote.

Walikuwa wameshaingia kwenye maji, miche imeshang'olewa na kufungwa mafungu, wa kuimba ameshaanzisha wimbo, ndipo Scola alipoinua mgongo ghafla.

"Ninyi!" alisema. "Huyu mtoto amempindua Nyanjige!"

Wimbo ukakatika. Walitazamana juu ya maji, tope mikononi. Taratibu, mmoja baada ya mwingine, waliona dume jeusi lenye doa jeupe linaondoka kwenye masufuria yao, linarudi malishoni, linatikisa mkia.

"Aibu gani hii!" Nyanjige alilia kutoka mwisho wa mstari. Alikuwa amewafuata nyuma, naye alikuwa anapanda kwa kasi ambayo hawakuwahi kuiona alipokuwa mwenyekiti. "Nimepinduliwa mchana kweupe! Na mtoto mdogo! Sijui nitaificha wapi sura yangu!" Na alikuwa anacheka mpaka machozi yanadondokea kwenye mpunga.

"Rudisha filimbi!" Scola alimwambia Milembe. "Rudisha juu ya kigoda, tuanze upya."

Milembe aliishika filimbi kifuani. Wote walikuwa wanamwangalia. Alitafuta vidole vyake vya miguu, lakini vilikuwa chini ya tope.

"Kesho," alisema kwa sauti ndogo sana, "ni kwako, mayu Scola."

"Nini?"

"Jaruba la kesho. Ni lako."

Scola aligeuza shingo. Aliangalia jaruba la Milembe, ambalo nusu yake tayari ilikuwa ya kijani. Yeyote aliyekuwa karibu aliweza kuona hesabu inapita usoni mwake. Kisha akainama.

"Sasa mmesimama nini?" aliwafokea wenzake. "Mwenyekiti amesema nini? Kamba inyooke huko! Felisita, mstari wako unakwenda Maswa!"

"Na baada ya Scola ni nani?" Felisita aliuliza, kwa heshima ambayo Milembe hakuwahi kupewa na mtu.

Milembe alifikiri. Alimfikiria Nyanjige, aliyetangaza zamu asubuhi, na kabla ya jioni akawa na maadui.

"Nitasema kesho," alijibu. "Jioni."

Walimaliza jua likiwa bado halijagusa vilima. Sayi aliwagawia uji, na kwa mwenyekiti mpya akaweka wa chini ya ndoo, mzito, wenye karanga. Walipopita kwenye kibanda cha Mashimba, redio ilikuwa inasema kwamba huko Uingereza Waziri Mkuu bado yupo, na kwamba watu wa chama chake wamekutana tena kumjadili.

"Mashimba," aliuliza Scola, akichelewa nyuma ya wenzake na kushusha sauti. "Huko wakipata kiongozi mpya, inabidi wamvumilie muda gani ndipo waanze tena?"

"Inategemea," alisema Mashimba. "Kuna waliovumilia miaka, na kuna walioshindwa na saladi."

Milembe alikuwa amewasikia. Alipita bila kugeuza kichwa, filimbi imefichwa ndani ya kitenge.

"Mimi nitamvumilia mpaka kesho jioni," alisema Scola. "Jaruba langu ni kubwa."